Sina Mpigo

Siku niliyoanguka Marikiti, mbele ya muuza ndimu,
kijana mmoja alinishika kiganja, akabonyeza, akangoja,
akahamia shingoni, akangoja tena,
kisha akamwambia mwenziwe polepole,
"Mama wa watu keshakwenda."
Pakasomwa innalilahi. Pakatolewa leso nikafunikwa uso,
leso mpya, ingali na wanga wa dukani,
nami huko chini nasikia yote:
bei ya ndimu, gurudumu la mkokoteni,
na kifuani ule mvumo wangu mmoja, haupandi, haushuki,
kama nyuki kwenye chupa.
Nikauliza, "Na chenji yangu?"
Walitawanyika, hata mwenye mkokoteni akauacha.

Mselem huipenda hadithi hii. Huisimulia barazani,
na kila mara humwongeza mtu mmoja aliyezimia.
Hasemi kwamba yeye, alipopigiwa simu,
alikwenda na kiatu kimoja mpaka Makadara.

Ni kweli, sina mpigo. Niliuacha Chennai,
pamoja na nyumba ya Mtopanga tuliyoiuza.
Moyo ungalimo, lakini umestaafu.
Kazi inafanywa na chuma kisichozidi ndimu,
kinazunguka, kinasukuma,
hakiulizi nimefurahi au nimeudhika.
Zamani nikikasirika moyo ulinigongea kama mdai.
Siku hizi nagombana na fundi wa bomba, nampa yake yote,
na ndani kimya, kana kwamba nasoma gazeti.

Waya unatokea ubavuni, kwenye kidonda kisichofunga.
Sista Kadzo hukiita mlango.
Mimi hukiita kitovu cha pili.
Cha kwanza kilikatwa ndipo nikaishi.
Hiki, tuache.

Kuoga ni beseni na kitambaa.
Mchicha napimiwa kwa kijiko, kwa ajili ya dawa ya damu.
Na bahari, mwaka wa tatu huu hatujagusana;
nikipita Mama Ngina naitupia jicho
kama jirani niliyekosana naye kwa jambo la kijinga.

Harusini Kuze, betri zangu ndani ya buibui, moja kila kwapa,
bibi mmoja aliniminya ubavu akanong'ona,
"Hizo sambusa unampelekea nani?"
Nikamwambia, "Moyo."
Akacheka mpaka akakohoa. Akaniongezea mbili.

Stima ikikatika, watoto wa kichochoroni hupiga yowe.
Tima hapigi. Tima ana miaka tisa na anajua:
toa moja, tia nyingine, isikie imekaa,
ndipo uiguse ya pili.
Kamwe si zote pamoja.
Ulimi nje, kurunzi kwapani, haniruhusu kusema neno.
Huko nje Lali kinyozi keshawasha jenereta,
awaambia vijana, "Simu zenu zitangoja.
Leteni kwanza moyo wa Bi Rukiya."
Basi moyo wangu huvushwa kichochoro mikononi mwa watoto,
ukakaa mezani baina ya wembe na poda,
ukinywa stima ya watu.

Mwezi wa Rajabu nililazwa kwa homa, usiku mmoja tu.
Niliporudi Tima alinivuta kando:
babu alishindwa kulala, akauvuta mkeka mekoni,
kukapambazuka ameegemea friji.
Sikumuuliza. Mwanamume huyu, miaka arobaini,
alikuwa akinilalamikia kwamba moyo wangu una makelele.
Usiku ule alinipa mgongo kama desturi yake,
kisha, alipodhani nimelala,
akageuka, akaweka sikio.

Sasa alfajiri. Nabonyeza betri: taa nne za kijani.
Jana, saa kama hii, zilikuwa mbili, na sikumwambia mtu.
Maji ya chai yamo jikoni. Mselem akoroma, mimi navuma.
Ng'ambo ya ukuta jirani anatwanga iliki,
du, du, du,
anapumzika, anaendelea.
Nasimama na birika mkononi, nasikiliza
mpaka maji yanamwagikia moto.